Miti Minne ya Kisimani

Asubuhi ya kijiji cha Kasenyenda ilianza kwa kugongana kwa ndoo. Wanawake na wasichana waliteremka Kisimani wakiwa bado na usingizi machoni, wakapanga zamu kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mwamba, wakachota maji huku wakipeana habari. Juu ya chemchemi hiyo palikuwa na msitu mdogo wa miyombo mikubwa, iliyosimama karibukaribu kama watu walio kanisani siku ya sikukuu. Maji ya Kisimani hayakuwahi kukauka, hata miaka ile mvua ilipokataa kabisa kunyesha.

Theopista alikuwa darasa la sita mwaka huo wa 1996. Alikuwa na moyo mwema, lakini kutulia hakukujua. Akifagia uwanja, angeacha katikati akamfukuze kuku. Akitumwa chumvi, angekimbia hata kama chumvi haikuwa na haraka. Na treni ya kutoka Mpanda kwenda Kaliua ilipopiga honi mbali, upande wa stesheni ya Ugalla, miguu yake iliwasha. Alitaka kujua ni akina nani wamo ndani na wanakwenda kufanya nini.

Siku hizo honi hiyo ilimtia wasiwasi pia. Watu walikuwa wakihama. Familia ya Happiness, mwenzake wa kucheza rede, ilihamia Makanyagio, mjini Mpanda, mara baada ya Krismasi. Nyumba yao ilibaki tupu, nyasi za paa zikaanza kuoza, mbuzi wa watu wakalala barazani. Baada yao ikahama familia nyingine, kisha nyingine.

"Theo," bibi yake alimwita asubuhi moja alipomwona anapanda na ndoo, "mbona maji ni nusu? Hiyo nusu nyingine umewapa panya njiani?"

"Yamemwagika, Bibi. Nilikuwa nakimbia."

"Unakimbilia nini?"

Theopista alicheka, kwa maana hata yeye hakujua.

Bibi Pudensiana alikuwa mama mzazi wa baba yake. Chumba chake kilikuwa upande wa jua la asubuhi, na Theopista alilala humo tangu alipoachishwa ziwa. Bibi ndiye aliyemfundisha kusuka ukili, kumtambua kuku anayetaka kuatamia, na kusema samahani bila kuinamisha shingo kama mbuzi aliyeiba mahindi.

Siku hiyohiyo jioni, wakila ugali kwa kisamvu, baba yake, Selestine, aliweka neno lililomfanya Theopista asahau tonge mkononi.

"Watu wanazidi kuondoka," alisema. "Mambo yakiwa magumu na sisi tutahamia mjini. Nimeshaanza kufikiri."

"Nyie mtahama," alisema Bibi taratibu, akimsogezea mwanawe bakuli la mboga kwa sababu aliona lake limekwisha. "Mimi nimemzika baba yako hapa. Nitabaki na kuku wangu."

"Na nani atakuchotea maji, Mama?"

"Maadamu Kisimani kuna maji, nitajikongoja."

Hapakuwa na ugomvi. Walizungumza kama watu wanaosema habari za mvua. Lakini Theopista alilirudisha tonge sahanini. Mjini alitaka kwenda, tena sana. Kwenda na kumwacha Bibi peke yake, hilo hakulitaka hata kidogo.

*

Wiki iliyofuata lori liliingia kijijini. Alishuka bwana mmoja mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kitambaa. Jina lake Felisiani, na kazi yake kufyatua na kuchoma matofali huko Makanyagio. Aliwagawia watoto biskuti, akawasalimu wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, kisha akaenda na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Deusdedit, kuangalia miti ya Kisimani.

Habari zilifika kwenye chemchemi kabla lori halijaondoka.

"Anataka kuni za tanuri," alieleza mama mmoja. "Mjini kila mtu anajenga nyumba ya tofali. Kisimani ni karibu na barabara, lori linafika."

"Na mwenyekiti amesemaje?"

"Amesema fedha zitanunua mabati ya shule. Nayo ni kweli, watoto wananyeshewa."

Ilikuwa kweli. Mvua ikinyesha, darasa la Theopista lilihamisha madawati kutoka kona moja hadi nyingine, na mwalimu alifundisha akiwa amefunika chaki kwa kiganja.

"Mabati mazuri," alisema mama mwingine akijitwika ndoo. "Lakini wenzetu wa ng'ambo ya bonde walikata miti ya juu ya kisima chao. Leo wanachimba mashimo mtoni, na nusu yao wako mjini wanapanga vyumba."

Theopista alisimama na ndoo tupu, asisikie kwamba zamu yake imefika. Maadamu Kisimani kuna maji, Bibi alisema. Na yakiisha?

Jumapili baada ya misa, Bwana Deusdedit alitangaza kwamba mkutano wa kijiji utaamua siku ya Ijumaa ya wiki ya pili. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kumficha mtu jambo.

"Msiwe na hofu," aliongeza. "Mimi ni mtoto wa hapa. Mti wenye mzinga hautaguswa. Hiyo ni mila yetu, na Bwana Felisiani ameikubali."

Watu wa Kasenyenda walikuwa warina asali tangu zamani. Mtu akitundika mzinga wake juu ya mti, mti huo haukatwi na mwingine, awe jirani au mgeni, mpaka mwenye mzinga aseme ndiyo. Kila mtoto wa kijiji alilijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini Kisimani palikuwa na mizinga miwili tu, ya marehemu babu, tena mikuukuu.

Wazo lilimjia Theopista pale pale mlangoni mwa kanisa. Hakungoja hata afike nyumbani. Alimvuta mkono kaka yake Nashon, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na aliyekwisha kwenda porini na baba mara kadhaa.

"Kaka, tukitundika mizinga mingi Kisimani, hawatakata kitu!"

"Mizinga tutaitoa wapi?"

"Tutatengeneza. Wewe unajua kubambua gome."

Nashon alijikuna kichwa. "Baba hubambua mbali, kule Ugalla. Ni mwendo wa kulala njiani."

"Kwa nini twende mbali na miti iko hapa hapa?"

"Tumwulize kwanza Baba."

"Baba anafikiria kuhama! Atatuambia tungoje. Tukingoja, lori litakuja."

Nashon alimpenda dada yake, na mtu akisukumwa na Theopista ilikuwa vigumu kusimama. Alikubali.

*

Ilikuwa mwisho wa masika, wakati gome la muyombo bado lina maji na huachia mti kwa urahisi. Walikwenda Jumatatu baada ya shule, wakati wa jua kali ambapo hakuna achotaye maji. Nashon alichagua muyombo ulionyooka, akaukata gome kwa shoka kuuzunguka kwa chini, akapanda na kuukata tena kuuzunguka kwa juu. Kisha akalichana kwa urefu, na wote wawili wakapenyeza vijiti vilivyochongwa, wakisukuma polepole. Gome likalia, likaachia, likatoka lote zima kama koti linalovuliwa. Mti ukabaki umevuliwa, mweupe na unaoteleza, ukitoa majimaji.

Theopista aliutazama kidogo akahisi vibaya, hakujua kwa nini. Lakini palikuwa na haraka.

"Mwingine," alisema.

Kufikia Jumatano walikuwa wamebambua miti minne. Waliyaviringa magome, wakayashona kwa vijiti, wakayaficha ndani ya nyumba tupu ya kina Happiness yakauke. Viganja vya Theopista vilitoka malengelenge na kupakwa rangi nyekundu ya utomvu isiyotoka hata kwa jivu.

Vilibaki vipande virefu vya gome laini la ndani, vizuri kwa kamba. Theopista alivipeleka kwa rafiki yake Ng'washi. Familia ya Ng'washi ilikuwa ya Wasukuma, waliokuja na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga miaka michache nyuma. Baba yake, Maduhu, alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno.

"Kamba za kumfungia ndama wako," alisema Theopista.

Ng'washi alizivuta kujaribu nguvu zake. "Zimetoka wapi nzuri hivi?"

Theopista hakuweza kunyamaza, akamweleza yote. Ng'washi alicheka kwa furaha, akamfunga ndama pale pale.

Lakini siri ya Kisimani haikukaa. Alhamisi mama mmoja alipanda juu ya chemchemi kutafuta uyoga, akaona miti minne iko uchi. Alipiga kelele mpaka wenye ndoo wakaacha ndoo zao. Wanaume walikuja, baba yake Theopista akiwa mbele. Alipitisha kiganja kwenye ule mti mweupe kwa muda mrefu.

"Hii imekufa," alisema. "Imesimama tu, lakini imekufa. Ukivua gome lote kuzunguka, chakula cha majani hakishuki tena kwenye mizizi."

Theopista alikuwa amesimama nyuma ya watu na ndoo yake. Imekufa? Alikuwa amemwona baba akirudi na magome kutoka porini maisha yake yote. Hakuwahi kurudi naye kuuona mti uliobaki nyuma.

"Ni kazi ya mtengeneza mizinga," alisema mtu.

"Mtengeneza mizinga gani wa hapa? Hakuna mtoto wa Kasenyenda anayegusa miti ya Kisimani!"

"Maduhu je? Si anajifunza mwaka huu kutengeneza mizinga? Mgeni hajui miiko yetu."

"Na ndama wake nimemwona amefungwa kamba mpya ya gome. Jana hiyo hiyo!"

Maneno yakashika moto. Wengine walisema kwanza ametuletea ng'ombe wake, sasa anaua miti. Wengine walisema mkutano wa Ijumaa uamue pia kuhusu Maduhu, arudishe shamba alilopewa, aondoke kabla ya kiangazi. Theopista alifungua mdomo. Nashon akamkanyaga mguu.

"Ukisema," alinong'ona, "Baba ataaibika mbele ya kijiji kizima. Mwana wa mrina asali ameua miti ya Kisimani! Nyamaza, yatapoa."

Hayakupoa. Wiki nzima iliyofuata Theopista hakula vizuri wala hakukaa mahali. Alienda mpaka kwa kina Ng'washi, akarudi njiani. Akaenda tena, akamkuta Ng'washi akichunga ndama peke yake. Kamba ya gome haikuwepo shingoni mwa ndama.

"Wamemwuliza baba yangu kamba ameitoa wapi," alisema Ng'washi bila kumtazama. "Amesema ni yangu, nimepewa na mwenzangu. Wakamcheka. Kisha baba akaniuliza mimi."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini? Wewe ni rafiki yangu." Ng'washi alifuta pua kwa mkono. "Mama ameshaanza kufunga vyombo, Theo. Tukiondoka hapa, sijui tunakwenda wapi. Nyumbani tulikotoka hakuna malisho."

Theopista alirudi nyumbani akitembea. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kumwona anatembea.

Bibi hakuuliza. Alikuwa ameweka maji ya moto kwenye beseni. Alimketisha mjukuu wake kwenye kigoda, akaichovya ile mikono yenye malengelenge na madoa mekundu, akaikausha kwa kanga yake, akaipaka mafuta ya nyonyo kidole kimoja kimoja.

"Utomvu wa muyombo hautoki upesi," alisema.

Theopista akaelewa kwamba Bibi anajua. Machozi yakamtoka.

"Bibi, nilitaka maji yasikauke. Nilitaka usibaki peke yako."

"Najua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Jambo ni lako, mjukuu wangu. Nikilisema mimi, litakuwa nimekunyang'anya." Alifunika chupa ya mafuta. "Kesho mkutanoni nitakaa karibu na mlango."

*

Mkutano ulifanyika katika darasa la sita, kwa sababu kijiji hakikuwa na ukumbi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa kifuani, wakataniana ni nani hajafanya kazi ya nyumbani. Watoto walijazana madirishani. Bibi Pudensiana alikaa karibu na mlango, kama alivyosema.

Bwana Felisiani alizungumza vizuri. "Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na miti. Mjini watu wanajenga, mimi nachoma matofali. Nilikuja kwa heshima. Sasa nasikia miti minne imeshakufa, na kama kuna mtu anaibambua, hata ile mingine haina maisha. Bora niinunue yote, nyie mpate mabati, kuliko iozee hapo."

Watu kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo lililomtisha Theopista kuliko yote. Kitu alichokifanya kuilinda miti kimekuwa sababu ya kuimaliza.

"Kabla ya hilo," alisema mwenyekiti, "Bwana Maduhu asimame."

Maduhu alisimama, kofia mkononi. Alikuwa mrefu mpaka kichwa kilikaribia kugusa mbao za paa.

"Mwenyekiti, mimi sikubambua miti ile. Sina neno lingine."

"Na kamba?" mtu alipaza sauti.

Maduhu aliikunja kofia yake, akatazama upande wa dirisha. Dirishani, Ng'washi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta. Theopista alikuwa pembeni yake, bega kwa bega, na alimsikia anavyopumua.

Hapo miguu yake, ile isiyojua kutulia, ilimpeleka. Alizunguka darasa, akaingia mlangoni, akapita mbele ya Bibi. Bibi akasogeza miguu yake kumpisha.

"Kamba nilimpa mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nilimpa Ng'washi mimi. Miti niliibambua mimi. Nilitaka kutengeneza mizinga ili Kisimani pasikatwe. Sikujua kama itakufa. Na nilipojua, nilinyamaza, mkamsingizia Mzee Maduhu. Ninaomba msamaha. Magome yako nyumbani kwa kina Happiness."

Kisha Nashon naye akaingia, akasimama nyuma ya dada yake, masikio yamemwiva kwa aibu. "Shoka nilishika mimi," alisema.

Selestine alikuwa amefunika uso kwa viganja. Alipovitoa, hakumtazama binti yake kwanza. Aliinuka kwa shida kutoka kwenye lile dawati, akaenda mpaka kwa Maduhu, akampa mkono.

"Ndugu yangu, watoto wangu wamekukosea, na mimi nilisimama pale kisimani nikawaacha watu waseme. Nisamehe."

Maduhu aliushika mkono ule. "Yamekwisha. Mtoto aliyesimama mbele ya watu wazima wote hawa, hata mimi ningependa awe wangu."

Mama mmoja alisema kwa sauti, "Basi keti, Mzee Maduhu, utatutoboa paa kabla mabati hayajaja!" Watu wakacheka, nao ule uzito ukapungua.

Lakini Maduhu hakuketi.

"Mwenyekiti, kwa kuwa nimesimama, niseme jambo. Kule nilikotoka, miti ilikwisha. Tulikata ya kulima, tukakata ya kujenga, tukakata ya kuchoma. Mama yangu alipikia mavi ya ng'ombe. Gogo moja kwetu lilikuwa kama mali, mtu analifungia ndani. Nilipofika hapa, mwaka wa kwanza, nikaona mnafungua mashamba mapya. Mnaangusha miti, mnakusanya magogo, mnayatia moto palepale shambani mpaka yanakuwa majivu. Nilisimama pembeni nikatazama, sikuweza hata kusema. Nikajiuliza, hawa wenzetu wanachoma fedha?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo hivyo. Magogo ya shambani yalikuwa uchafu tu wa kuondoa ili mahindi na tumbaku vipate nafasi.

"Sasa mgeni anataka kuni," aliendelea Maduhu. "Kwa nini tumpe miti ya kisima, na magogo ya mashamba tunayachoma bure?"

Bwana Felisiani alijikuna kidevu. "Lori halifiki mashambani."

"Ng'ombe wangu wanafika. Wana mkokoteni. Watayavuta mpaka barabarani."

Hapo Selestine alipiga paja lake. "Tena magome ya miti hiyo! Tukiwahi kuibambua mara ikiangushwa, kabla haijakauka, tunapata mizinga bila kuua mti hata mmoja uliosimama. Miaka yote nimebambua porini nikageuka nikaenda zangu. Sikurudi kuhesabu nilichoacha."

Maneno yaliendelea mpaka jua likapinda. Palikuwa na waliobisha. Bwana Felisiani aliuliza kama magogo yatatosha tanuri zake. Mwenyekiti aliuliza kama mabati yatapatikana kwa wakati. Mzee mmoja alisema haya ni maneno ya mkutano, kesho kila mtu atachoma shamba lake kama kawaida. Mwishowe wakakubaliana. Kuni zitatoka kwenye mashamba yanayofunguliwa, na hakuna atakayetia moto gogo ambalo lori linaweza kulichukua. Mizinga ya kijiji itatengenezwa kwa magome ya miti iliyokwisha anguka. Na Kisimani, hapakatwi mti.

"Nami," alisema Bwana Felisiani akivaa kofia yake, "nitaleta mzinga mmoja wa mbao kutoka mjini. Kuna fundi jirani yangu anatengeneza. Mtautundika Kisimani kwa jina langu. Asije mfyatua matofali mwingine akasema mimi ndiye niliyemfungulia njia."

*

Adhabu ilikuwepo. Theopista na Nashon walipewa kazi ya kufunga uzio wa miiba kuizunguka ile miti minne. Baba yao aliikata yote kwa chini, kwenye usawa wa goti, chini ya lile jeraha.

"Mizizi bado ni mizima," aliwaeleza. "Huenda visiki vikachipua, huenda visichipue. Mbuzi wakila machipukizi, basi tena. Kwa hiyo ninyi ndio askari."

Kiangazi chote Theopista aliamka mapema, akachukua ndoo, na kabla ya kuchota akapanda kuviangalia visiki. Havikuwa na kitu. Wiki baada ya wiki, havikuwa na kitu. Kungoja kulimtesa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Ng'washi aliandamana naye, akileta miiba mipya mbuzi walipoipangua ya zamani. Hakuna aliyemtuma.

Lori la Bwana Felisiani lilikuja na kuondoka na magogo ya mashamba. Siyo kila mtu alishika makubaliano. Moshi ulionekana mara moja moja, na mwenyekiti alipanda baiskeli kwenda kugombana. Mabati hayakutosha madarasa yote, lakini darasa la sita lilipata.

Mwezi wa kumi miyombo ilivaa majani mapya mekundu na kutoa maua. Asubuhi moja Theopista alisikia ngurumo ndogo juu ya kichwa chake. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye mzinga wa mbao wa Bwana Felisiani. Akainamia uzio. Kisiki cha kwanza kilikuwa na chipukizi, jekundu, dogo kama ulimi wa mtoto wa paka. Cha pili kilikuwa nayo matatu. Cha tatu moja. Cha nne kilikuwa kikavu.

Alikimbia kumwita Bibi, akatangulia mbio, kisha akakumbuka miguu ya Bibi iliyochoka, akarudi kumshika mkono, wakashuka wote hatua kwa hatua.

Bibi Pudensiana aliinama akatazama kwa muda.

"Kile kimoja hakitarudi," alisema Theopista.

"Hakitarudi. Utakiona kila siku ukija kuchota, na ni vizuri ukione." Bibi aliketi juu ya mwamba apumzike. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ulichotaka kilikuwa kizuri. Lakini ulitaka kukilinda kijiji kwa kuua miti yake, na kwa haraka hukumwuliza anayejua. Kisha ukaogopa, na woga wako karibu umfukuze mtu mwema. Kitu kizuri ukikitafuta kwa kujificha, kinaharibika mkononi. Siku uliyosema kweli ndiyo siku Kisimani palipopona, kwa sababu Maduhu alipata nafasi ya kusema. Angefukuzwa, angeondoka na maneno yake."

Mbali, upande wa Ugalla, treni ilipiga honi. Mguu mmoja wa Theopista ulitikisika.

Bibi akauona, akacheka. "Baba yako hasemi tena habari ya kuhama. Lakini wewe utakwenda, mimi najua. Nenda kasome huko mjini, kaa hata huko ukipenda. Sijasema mtu asiondoke. Nasema tusikimalize kijiji kwa nyuma yetu, ili anayetaka kurudi akute maji."

Ng'washi alikuwa akiteremka na mzigo wa miiba kichwani, akiimba peke yake. Theopista alichota ndoo yake, akaijaza mpaka pomoni. Kisha akajitwika, akampa Bibi mkono wa kushikilia, na wakapanda polepole. Walipofika uwanjani, ndoo ilikuwa bado imejaa.